Bwana Haradali

Jumatatu, 2 Novemba 2020

Firmin ametuagiza wote tuandike. Anasema siku meza yetu ya Jumatano pale mkahawani itakapofunguliwa tena, kila mtu atasoma aliyoyaandika, na atakayekuja mikono mitupu atatununulia bia wote. Mimi nimeendesha tramu ya Ghent maisha yangu yote ya kazi, sijazoea kuandika zaidi ya ripoti ya breki mbovu. Lakini wale wazee wanakunywa sana, kwa hiyo haya, naandika.

Ledeberg, mtaani kwetu, mvua tangu asubuhi. Mkahawa wetu umefungwa tena kwa ajili ya korona. Mwezi wa tatu tulipofungiwa tulidhani ni jambo la wiki chache, safari hii hakuna anayejidanganya. Waziri alisimama kwenye televisheni kueleza masharti, na kila baada ya maneno mawili anasema "familia". Familia ifanye hivi, familia ikae vile. Mama alikuwa anakula bila kusikiliza. Mimi nilikuwa nasikiliza bila kula. Familia yangu ni Mama, sawa. Lakini ni ile meza pia: wanaume waliozeeka wakipenda wanaume na wanawake waliozeeka wakipenda wanawake, kila mmoja na nyumba yake, wengi wakilala peke yao, na hakuna ofisi yoyote inayojua kwamba sisi ni ndugu.

Sharti ni hili: kila mtu anaruhusiwa kuchagua mtu mmoja wa nje ya nyumba yake, wa kumkaribisha ndani na kumkumbatia. Mmoja tu. Wengine wote wabaki nje, mita moja na nusu. Wameshampa na jina, mtu wa kukumbatia.

Firmin alinipigia kabla taarifa haijaisha. Zamani alikuwa msusi wa jumba la maigizo, na mambo yote huyajua wa kwanza. Amemchagua Bavo, mume wake aliyeachana naye miaka sita iliyopita. "Tuligombana kwa kila kitu, Lut," akasema, "ila kwenye kukumbatiana hatukuwahi kugombana."

Nilimuuliza Mama yeye atamchagua nani, maana ana haki yake kama mimi. Akasema watu wake wote wako makaburini, na yeye hata hahitaji kukumbatiwa, anahitaji mtu anayejua kucheza karata. Nafasi yake ataitunza.

Jumanne, 3 Novemba

Nimelala vibaya. Nina nafasi moja na watu wawili.

Wa kwanza ni Odiel. Alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye tramu zetu, sasa ana miaka sabini na minne, na mashati yake yote yamepigwa pasi, hata ya kulalia. Tangu mpenzi wake Roeland afariki anaishi peke yake ghorofani, huko Brugse Poort. Miaka ya themanini mimi na yeye tulikuwa "wachumba". Yeye alihitaji msichana wa kwenda naye kwenye sherehe za kazini, mimi nilihitaji mwanaume wa kumwonyesha Mama. Tuliazimana hivyo miaka mingi, na kosa letu moja ni kwamba tulifanya kazi nzuri mno. Mama alimpenda kuliko alivyonipenda mimi. Kila Jumapili walicheza karata mpaka chakula kinapoa. Halafu akaanza kuuliza tarehe ya harusi, tukaona uchumba huu lazima ufe. Odiel akajitolea kubeba lawama: yeye ndiye aliyenikimbia.

Mama hajamsamehe mpaka leo. Jina lake halitajwi katika nyumba hii, ni "yule mwanaume" tu. Lakini karata alizomzawadia, zile za kwenye mfuko wa ngozi, anazichezea kila jioni. Niliwahi kumuuliza kwa nini asizitupe. Akasema karata hazikumkosea.

Wa pili ni Annelore. Mwezi wa nane mnyororo wa baiskeli yangu ulikatika kando ya mto Leie, na mwanamke mwenye nywele za mvi zilizokatwa kama za mvulana akasimama, akautengeneza, akajifuta mikono kwenye suruali yake nyeupe bila kujali. Tumetembea pamoja mara nyingi tangu siku hiyo, mita moja na nusu. Nina miaka sitini na miwili na naona haya kuandika kilichonipata.

Lakini Odiel ni Odiel. Kesho nitakwenda kumwambia ni yeye.

Jumatano, 4 Novemba

Nilimpelekea nyama niliyoipika kwa bia nyeusi, kwa sababu leo ni Jumatano na Jumatano tunakula pamoja, hata kama pamoja yenyewe ni mimi barabarani na yeye dirishani. Ngazi za nyumba yake ni nyembamba, kwa hiyo huteremsha kikapu kwa kamba. Niliweka bakuli ndani ya kikapu, nikavuta pumzi, nikajiandaa kusema. Akaniwahi.

"Kabla hujafungua mdomo, dereva. Mimi nimeshapata mtu."

Nilisimama pale na helmeti kichwani kama mpumbavu. Nikasema safi sana. Akasema ndiyo, hata yeye hakutegemea. Halafu akaniuliza mwenye suruali nyeupe hajambo, na nikaona anacheka chini ya masharubu yake.

"Wiki ijayo lete sahani mbili," akasema akivuta kamba. "Huwa anakuja Jumatano. Na uweke haradali ya kutosha, anaipenda mno."

Sikumuuliza ni nani. Sisi wa umri huu hatuulizi. Tulipokuwa vijana, kumuuliza mtu jina la mpenzi wake ilikuwa kama kumshikia kisu: jina likifika kazini, au kanisani, au kwa mke wa mtu, maisha yamekwisha. Kwa hiyo tulijifunza kungoja. Mtu akitaka kukuonyesha wake, atakuonyesha. Vijana wa siku hizi wanatucheka, lakini kwetu hayo ni malezi.

Nilirudi Ledeberg nikipiga mluzi. Sikujua kama moyo wangu ni mwepesi kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Jumatano, 11 Novemba

Sahani mbili. Haradali kwenye kikopo chake. Mvua.

Jumapili, 15 Novemba

Annelore alikuja. Alivua viatu, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko kama daktari wa upasuaji, halafu tukasimama sebuleni hatujui nani aanze. Nikaanza mimi. Ananukia sabuni na mafuta ya mnyororo. Sikuwa nimeshikwa na mtu tangu mwezi wa tatu, ukiacha Mama ninayemsaidia kuoga.

Mama aliingia na fimbo yake, akatuangalia, akauliza huyu rafiki yako wa baiskeli anapenda kahawa au chai. Halafu akarudi kwenye karata zake. Jambo langu mimi na Mama hatujawahi kulitamka. Liko ndani ya nyumba kama kabati kubwa, tunalizunguka tu tukipita.

Jumatano, 25 Novemba

Firmin hana usingizi kwa ajili ya mtu wa Odiel. Ameshapitia kichwani wajane wote wa kiume wa Ghent. Kwa kuwa hatumjui jina, tunamwita Bwana Haradali. Firmin anadhani ni kasisi mstaafu. Mimi nadhani ni fundi wa jengo fulani, mtu mnene, mpole, anayekula kimyakimya. Nilikataa kabisa kumuuliza Odiel. Ila nilipompigia kelele kutoka pale chini, amempigia nani pasi shati jipya, alijibu kwa upole kwamba bwana wake anapenda rangi ya samawati.

Jumapili, 6 Desemba

Sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi. Nilipeleka nguruwe wawili wadogo wa peremende ya lozi na sukari, mmoja wa Odiel, mmoja wa Bwana Haradali. Kikapu kiliporudi chini kilikuwa na kikaratasi cha shukrani kutoka kwa wote wawili.

Jumatano, 9 Desemba

Supu ya liki na soseji. Baridi. Odiel amekonda, au ni dirisha linanidanganya.

Jumatano, 16 Desemba

Nimemuuliza Odiel saizi ya mguu wa Bwana Haradali, nataka kumpa soksi za Krismasi. Alifikiri kwa muda, kisha akasema arobaini na nne. Mguu mkubwa. Nilimwambia Firmin, na Firmin akasema hilo linaondoa nusu ya wajane wake.

Ijumaa, 25 Desemba

Annelore alileta mkate wa zabibu aliouoka mwenyewe, mgumu kama tofali. Mama alikula vipande viwili bila kulalamika, jambo ambalo hajawahi kunifanyia mimi. Mchana Annelore alijaribu kucheza naye karata. Mama akamwambia ana roho nzuri, lakini kwenye karata roho nzuri haisaidii. Nilicheka, halafu nikamwona Mama anazipanga karata zile ndani ya mfuko wa ngozi, moja moja, polepole, na sikucheka tena.

Jioni nilimpigia Odiel. Nikasikia redio tu nyuma yake. Nikauliza mmekula vizuri? Akasema vizuri sana, na soksi zimemtosha.

Jumatano, 6 Januari 2021

Sahani mbili.

Jumatano, 13 Januari

Sahani mbili. Mvua ya pembeni, imenilowesha mpaka chupi.

Jumanne, 19 Januari

Firmin alipiga simu na hakuwa na utani hata mmoja. Wawili wa mezani kwetu hawapokei tena simu. Si wagonjwa, wanasema tu hawana la kusema. Mmoja alimwambia kwamba amerudi kuishi kama mwaka wa sabini: mapazia yamefungwa, hakuna anayemgusa, na hakuna anayejua yeye ni nani. Firmin anasema wenye watoto na wajukuu wanapungiwa mikono madirishani, lakini sisi tulizoea kwenda kuchukua upendo wetu nje, mezani, na nje pamefungwa. Alianza kulia. Nilikaa naye kwenye simu mpaka Bavo akafika na supu.

Angalau Odiel ana mtu. Namshukuru Mungu kwa huyo Bwana Haradali, yeyote yule.

Jumatano, 27 Januari

Nyama ya bia tena. Odiel hakukaa dirishani, alisema anaona baridi.

Jumatano, 10 Februari

Imeganda nchi nzima. Maji ya Bourgoyen, yale mabwawa ya pembeni mwa mji, yamekuwa barafu, na mji mzima uko huko na viatu vya kuteleza, barakoa puani, kama siku ya sikukuu. Nilipita hapo na baiskeli mkononi, mabakuli mawili begani.

Kikapu hakikushuka. Nikaita, kimya. Nikapiga simu nikaisikia inalia juu, inalia, inalia. Nikagonga kwa jirani wa chini, mama mmoja anayetunza ufunguo wake, nikapanda zile ngazi. Sheria itanisamehe au isinisamehe, shauri yake.

Odiel alikuwa kwenye kiti chake, shati limepigwa pasi, tai shingoni, mguu juu ya stuli. Kifundo kimevimba kama boga. Aliteleza juzi akirudi na mkate, akajikokota mpaka juu, akakaa. Tangu hapo amekula biskuti tu, maana jikoni hafiki. Nikamuuliza kwa nini hakunipigia. Akasema sikutaka kukusumbua. Nikamuuliza na bwana wake je, hajaja? Akasema huyo ana mafua kidogo, anaogopa kumwambukiza.

Nikapiga magoti nimvue kiatu. Alikuwa amevaa soksi za Bwana Haradali, zile za kijivu zenye mstari mwekundu, arobaini na nne. Odiel anavaa arobaini. Ncha zilikuwa zimekunjwa chini ya vidole. Nikajiambia haya, wapendanao huvaliana nguo, na hata nikafurahi. Nikaenda jikoni kutafuta barafu.

Nikafungua friza. Hapakuwa na nafasi ya barafu. Palikuwa na mabakuli yangu ya mifuniko ya buluu, yamepangwa sawasawa mpaka mlangoni, kila moja na kikopo chake cha haradali kando. Nyama ya bia. Supu ya liki. Nyama ya bia. Kila Jumatano ya majira haya ilikuwa mle ndani, na nguruwe mmoja wa lozi juu yake. Kati ya mabakuli mawili aliyonirudishia kila wiki kwenye kikapu, moja lilikuwa lile alilokula yeye, na jingine, la aina ileile, alikuwa akilitoa kabatini kwake.

Nilisimama pale mpaka friza ikaanza kulia kwa kuachwa wazi. Nikarudi sebuleni, na sikurudi vizuri.

"Hakuna mtu," nikasema.

"Hakuna."

"Miezi mitatu, Odiel. Umeniacha nimtungie mtu uso. Nimemnunulia soksi."

"Ni nzuri, zina joto." Akaona sicheki. "Ungenichagua mimi, Lut. Nilikuona kabla hujashuka kwenye baiskeli. Ulikuwa na uso wa mtu anayekwenda kufanya jambo la heshima. Na yule mwanamke ungemwacha barabarani majira yote ya baridi, mita moja na nusu, kwa ajili ya mzee mwenye masharubu. Kwa umri wetu huu mtu kama yule haji mara mbili."

Nilimtukana. Sitaandika nilichosema, Firmin atakisoma kwa sauti. Nikamwambia kwamba nisingemwamini hata siku moja kama ningemuuliza jina la huyo bwana, swali moja tu.

"Nilijua hutauliza," akasema. "Hakuna hata mmoja wenu angeuliza. Nilikuwa mchumba wa uongo miaka minane, Lut. Kazi naijua."

Nikafunga njegere za kwenye friza ndani ya taulo, nikakaa sakafuni, nikashika mguu wake kwa mikono miwili. Mguu ni mguu, waziri hakuutaja. Akafumba macho. Tukakaa hivyo. Njegere zilikuwa zimeshalainika na maji yanaingia kwenye mikono ya sweta langu, nikafanya kama nataka kuinuka.

"Usiache upesi," akasema. Macho bado ameyafumba.

Sikuacha.

Alhamisi, 11 Februari

Asubuhi nilimpigia Annelore nikamweleza yote. Hakuchukua hata nusu dakika. Akasema mchague yeye, mimi nitakuwa napita dirishani, nina baiskeli na nina meno ya kutabasamu. Sauti yake ilikuwa imara mpaka neno la mwisho. Ndipo nikajua nampenda, si kumtamani tu.

Nikampigia Odiel kumwambia. Akasema nikimwacha yule mwanamke yeye atakata kamba ya kikapu na nile nyama yangu ya bia mwenyewe mpaka nife. Na hatanifungulia mlango. Namjua, hafungui kweli.

Nikakata simu, nikageuka. Mama alikuwa mlangoni ameegemea fimbo.

"Nani anakufa?"

"Hakuna anayekufa, Mama. Ni Odiel. Ameumia mguu, yuko peke yake."

Jina hilo halijasikika nyumbani humu kwa miaka thelathini. Mama akavuta kiti, akakaa. "Yule mwanaume," akasema, "alikukimbia. Acha akae peke yake, aone utamu wake."

Nilikuwa nimechoka. Pengine ndiyo sababu, uchovu, si ushujaa. Nikasema: "Hakunikimbia, Mama. Hakuwahi kunichukua. Odiel anapenda wanaume. Na mimi napenda wanawake. Tulikuwa tunafichana."

Mama aliangalia mikono yake, akaipindua, akaiangalia upande wa pili.

"Na huyu wa baiskeli?"

"Ndiyo, Mama."

"Anakula kidogo mno," akasema, akainuka, akaenda chumbani kwake akafunga mlango.

Ijumaa, 12 Februari

Mama hasemi. Anapanga karata. Nikimwekea chakula anakula, nikimwuliza kitu anatikisa kichwa. Nimepeleka mkate na dawa ya kupaka huko Brugse Poort. Odiel ameteremsha kikapu kwa mkono mmoja, amekaa kwenye stuli. Sikumwambia nilichofanya.

Jumamosi, 13 Februari

Hasemi. Jua kali, barafu bado. Nimekwenda uani nikalia kidogo nyuma ya banda la baiskeli, kwa sababu nina miaka sitini na miwili na bado namwogopa mama yangu.

Jumapili, 14 Februari

Annelore hakuja, nilimwomba asije, nilitaka mambo yatulie. Saa ya kahawa Mama alizirudisha karata kwenye mfuko wa ngozi na kuufunga. Akauweka katikati ya meza.

"Ungeniambia wakati ule," akasema, "ningelia wiki moja. Pengine mbili, nilikuwa na kanisa na dada zangu. Hukuniambia, nikanuna miaka thelathini. Hebu hesabu mwenyewe."

Nikasema samahani, Mama.

"Sijamaliza. Miaka thelathini nacheza peke yangu. Unajua mtu anachoka vipi kujishinda mwenyewe? Katika mji huu wote palikuwa na mtu mmoja tu anayejua kucheza, na mkaninyima. Kwa nini? Eti Mama asijue. Mama alikuwa anajua nini? Mama alijua kwamba yule kijana akikuangalia anakuangalia kama kaka. Nilidhani ndiyo adabu yake."

Akanywa kahawa.

"Yule waziri wako alisema kila mtu ndani ya nyumba ana wake mmoja?"

"Kila mtu, Mama. Ila wageni wasije wote siku moja."

"Basi mimi bado sijachagua wangu. Mwambie aje Jumatano mguu ukipona. Na huyo wa baiskeli mwambie arudi Jumapili, lakini akiona karata aziache."

Nikasema Mama, una miaka themanini na saba, na ugonjwa huu hauchezi na watu wa umri wako. Akasema kwa umri huo ana haki ya kuchagua cha kuogopa, na ameshachagua: anaogopa kufa akiwa amenuna.

Jumatano, 17 Februari

Barafu imeyeyuka kwa siku moja. Nilisimama chini ya dirisha nikampa Odiel habari. Aliacha kuvuta kamba, kikapu kikaning'inia katikati. Halafu akauliza kama Mama bado ana ile fimbo. Nikasema anayo. Akasema anaomba wiki mbili, kwa ajili ya mguu. Mguu gani, amekwisha kusimama. Anaogopa tu.

Jumatano, 24 Februari

Firmin ameambiwa ukweli kuhusu Bwana Haradali. Akasema amemlilia kama mtu aliyekufa, maana alishampangia kiti mezani. Halafu akasema kuanzia leo yeye anauliza. Majina, anwani, kila kitu, na anayeona ni utovu wa adabu amkatie simu. Jioni hiyohiyo alipiga simu kwa wote kumi na wawili akamuuliza kila mmoja waziwazi: nani anakushika? Watatu walijibu kama Odiel, kwamba wana mtu. Alipouliza jina, walinyamaza. Sasa tunawapangia watu wa kuwakumbatia.

Jumatano, 3 Machi

Mama aliamka mapema. Aliniomba nimsuke nywele, akavaa blauzi ya kwendea kanisani, akakaa mezani akiuangalia mlango, karata mbele yake. Kila gari likipita ananiuliza.

Odiel alikuja kwa tramu, fimbo mkono mmoja, na mkono mwingine mfuko mzito wa mabakuli ya mifuniko ya buluu. Shati la samawati, tai, barakoa iliyopigwa pasi, naapa, ilikuwa na mkunjo katikati. Alisimama kwenye kizingiti na hakuvuka. Wazee wawili wenye fimbo, wanaangaliana.

"Bi Zulma," akasema. "Mimi nilitaka kusema..."

"Umechelewa," Mama akasema. "Umenawa mikono?"

"Nimenawa."

"Basi njoo hapa. Ndiyo sheria."

Akaja. Mama ni mfupi, ilibidi Odiel ainame sana, na fimbo yake ikaanguka ikagonga sakafu, hakuna aliyeiokota. Mama akamzungushia mikono shingoni kama mtu anayeshika kitu alichokipoteza akakikuta mahali palepale alipokiacha. Niliona mabega ya Odiel yanakwenda juu na chini. Niliona Mama anampigapiga mgongoni, vidole vyake vyenye mafundo juu ya shati lile zuri, akisema haya, haya, haya, kama alivyokuwa akiniambia mimi nilipokuwa mdogo.

Nikachukua mfuko wa mabakuli nikaenda jikoni niwaachie nafasi. Nikawasha jiko, nikamimina nyama ya mwezi wa kumi na moja kwenye sufuria, nikatoa sahani tatu, nikatafuta haradali. Nilikoroga mpaka ikachemka, nikaionja, nikaongeza chumvi, nikakata mkate wote. Halafu nikachungulia.

Walikuwa bado hawajaachiana. Nikapunguza moto, nikangoja.